Mzigo, Mgongo na Mkono wa Mchuaji

Jina la Kariakoo lenyewe ni jina la mzigo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam kutoka mikononi mwa Wajerumani mwezi wa Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi wao, ambacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Na ulimi wa Mswahili, ambao hauna raha na neno linaloishia kwenye konsonanti, ukalilainisha hata likawa Kariakoo. Ndugu zetu wa Nairobi nao wana Kariokor yao, iliyozaliwa na vita ile ile. Wapagazi hao walibeba risasi, unga, mahema na majeruhi, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Waliokufa kwa kuhara, malaria na uchovu walikuwa wengi kupita waliokufa kwa risasi. Kwenye Barabara ya Samora ipo sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi, lakini sura iliyosimama pale juu ni ya askari na bunduki yake. Mpagazi amebakiwa na jina la mtaa na la soko.

Hata hivyo wapagazi wa vita hawakuwa wa kwanza. Miaka mingi kabla yao Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, kila mmoja na mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kwa safari ya miezi. Baadaye wakaja makuli wa bandari, wale waliogoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943 na 1947, wakawaonyesha wafanyakazi wengine wa nchi hii kwamba mgongo ukikataa, meli haipakuliwi. Na leo wapo wachukuzi wa soko na wasukuma mikokoteni, ambao huanza kazi alfajiri, kabla maduka ya Mtaa wa Kongo hayajafunguliwa, wakishusha malori ya viazi, vitunguu na nazi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo abebao mwanamume mmoja kwa mikono yake usizidi kilo 55. Gunia la kilo 100, achilia mbali lile lililoshonewa kilemba juu likaitwa lumbesa, yaelekea halijapata habari hiyo.

Madhumuni yetu katika makala haya ni kutazama jambo ambalo vitabu vya historia havilitazami, nalo ni hili: jioni, kazi ikiisha, watu hawa huyafanya nini maumivu ya misuli yao? Watu wasioyajua wataliona swali hili kuwa dogo. Waswahili walikwisha sema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini namna watu wanavyoutuliza mwili uliochoka ni sehemu ya utamaduni wao kama zilivyo ngoma na mapishi yao, tena ni sehemu ambayo isipoandikwa hufa pamoja na wazee.

Tuanze na lugha, kwani tiba huanza kwa jina. Kiswahili hakikuyaweka maumivu yote katika kapu moja. Kuchoka ni kimoja, kukakamaa ni kingine. Kuteguka si kuchanika, na ganzi si kichomi. Watangazaji wa mpira wametuongezea maumivu ya nyama za paja, nasi twaona kuwa ni nyongeza njema, kwa sababu yasema mahali hasa panapouma. Neno moja tu ndilo linalotutia katika matata, nalo ni mshipa. Katika mazungumzo ya kila siku mshipa waweza kuwa njia ya damu, au uzi wa fahamu, au msuli wenyewe, au hata ule uvimbe wa kinena ambao ni lazima upasuliwe. Mtu akisema, "Mshipa umenikaza," msikilizaji hana budi kuuliza zaidi, na mganga asiyeuliza zaidi aweza kukitibu kiungo ambacho hakiugui.

Kwa upande wa tiba, vitenzi vyetu ni vingi na kila kimoja kina kazi yake. Kuchua ni kupitisha mkono wenye mafuta juu ya msuli, kwa mwendo mrefu na wa polepole. Kukanda ni kubonyeza na kuachia, kama mwanamke akandavyo unga wa maandazi. Na neno hilo hilo latumika kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kikakamuliwa na kuwekwa mahali panapouma. Kusinga ni kusugua kwa manukato na dawa za kulainisha ngozi, jambo ambalo wengi hulijua kwa ajili ya bwana na bibi arusi. Kufukiza ni kumfunika mgonjwa na kumpa mvuke wa majani. Kuumika ni kupiga chuku, yaani kuvuta damu kwa pembe ya ng'ombe. Mwanafunzi wa leo akiyajua maneno mawili kati ya hayo, aghalabu ni kwa sababu bado ana bibi nyumbani.

Nyumba tuliyokulia sisi ilikuwa katika mojawapo ya mitaa iliyo kati ya Sikukuu na Swahili, nyumba ya kawaida ya Kiswahili yenye vyumba sita, korido katikati na ua nyuma. Chumba cha mwisho, kilichokuwa karibu na ua, kilipangwa na bibi mmoja wa Kizaramo ambaye kila mtu alimwita Bibi, na ambaye mikono yake ilijulikana mitaa mitatu. Hakuwa na kibao mlangoni wala hakujiita mganga. Wachukuzi walikuja kwake baada ya magharibi, wakakaa juu ya mkeka uani na kungoja zamu. Nasi watoto tulipewa kazi ya kuchochea makaa, kwa hiyo tuliona mengi.

Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuuliza. Kijana akiingia husema, "Shikamoo Bibi," naye baada ya kuitikia marahaba humwuliza, "Umebeba nini leo, mwanangu?" Kisha: ulianza kuuma lini, wakati wa kubeba au baada ya kulala? Waweza kuinama ukafunga viatu? Mguu una ganzi? Umeenda haja ndogo vizuri? Usiku ulitoka jasho la baridi? Maswali hayo yalichukua muda mrefu kuliko tulivyopenda, maana sisi tulitaka kuona mafuta yakitiwa. Baada ya maswali alipeleka mgongo wa mkono wake, wala si kiganja, mahali panapouma, akalinganisha joto la hapo na la upande wa pili. Akihisi moto, au akiona uvimbe wa ndama mmoja wa mguu ilhali mwingine ni wa kawaida, aliurudisha mkono akasema kwamba hiyo si kazi ya mafuta, mtu aende hospitali. Tuliwahi kumwona akimfukuza kwa ukali mtu mzima aliyekuwa akimbembeleza amchue huku anatetemeka kwa homa.

Lakini akikubali, kazi yenyewe ilikuwa ya kupendeza kuitazama. Mafuta ya nazi aliyapasha moto katika kibakuli cha bati pamoja na tangawizi iliyopondwa. Siku nyingine yalikuwa mafuta ya ufuta yaliyolala na karafuu. Hakuanza panapouma. Alianza mbali, kwenye bega ikiwa kinachouma ni kiuno, akaja taratibu kama mtu abishaye hodi, na alipofika penyewe alikuwa amekwisha ujua msuli unavyokwenda. Mkono wake uliufuata mnofu ukaukwepa mfupa. Alipokuta fundo gumu alilikandamiza kwa kidole gumba akahesabu kimoyomoyo, akaachia, akarudia. Mgonjwa akipiga yowe alipunguza nguvu, kwa kuwa, kama alivyokuwa akisema, msuli ukiogopa hujifunga kama kobe. Mwisho alimfunika kwa kanga iliyopashwa moto, akamwamuru kesho asilale kutwa, atembee, ila asibebe. Malipo yalikuwa kibaba cha mchele, au nusu ratili ya sukari, au ahadi. Ahadi zilikuwa nyingi.

Sasa, je, elimu ya leo yasemaje juu ya kazi kama ile? Yasema mengi ya kuitetea, na machache ya kuirekebisha. Yale maumivu yanayokuja siku ya pili baada ya kazi ngumu, ambayo kila mwanafunzi aliyelima shamba la shule anayafahamu, husababishwa na michubuko midogo mno ndani ya nyuzi za msuli, pamoja na uvimbe wa kuitengeneza michubuko hiyo. Zamani walimu walifundisha kwamba ni asidi iliyobakia msulini. Leo twajua kwamba asidi hiyo huondoka katika muda mfupi tu baada ya kazi, saa nyingi kabla maumivu hayajafika. Tena michubuko hiyo hutokea zaidi msuli unapokaza huku unanyooshwa, yaani wakati wa kushusha mzigo kuliko wakati wa kuupandisha. Ndiyo maana wachukuzi waliokuwa wakishuka na magunia kwenye ngazi za shimoni la soko kuu, lile lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, walilalamikia mapaja kuliko wenzao wa juu. Mwili uliozoea kazi huumia kidogo, na uliochubuka hujitengeneza wenyewe katika siku chache. Mchuaji hawezi kuuharakisha ukarabati huo sana. Awezalo ni kuyapunguza maumivu mtu akasogea, na kusogea ndiko kumponyako.

Jinsi mkono unavyopunguza maumivu nalo si fumbo kubwa tena. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo ni kana kwamba kuna lango, na kwamba habari za mguso zikipita hapo kwa wingi, habari za maumivu hubanwa zisipite zote. Mtoto akijigonga goti na mama akapasugua huku akisema pole, mama huyo anafunga lango. Maelezo yao yamerekebishwa tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki. Nao ukali wa tangawizi, karafuu na pilipili katika mafuta una sababu yake. Mwaka 2021 David Julius alikuwa mmoja wa wawili waliopewa tuzo ya Nobel, naye alipewa kwa kugundua mlango ule wa fahamu ambao pilipili huugonga, ambao ndio huo huo ugongwao na moto. Ndiyo sababu pilipili huunguza bila kuunguza, na fahamu zikigongwa sana huchoka, zikaacha kupiga kelele. Karafuu za Unguja na Pemba zina mafuta yanayotia ganzi kidogo, kama ajuavyo kila aliyeuma karafuu kwa jino bovu. Vikopo vya Tiger Balm na dawa nyingine za kupaka zinazouzwa madukani hufanya kazi kwa njia iliyo jamaa na hiyo.

Mafuta ya simba ni habari nyingine. Wapo wauzaji wanaotembea mitaani wakiyanadi, pamoja na ya chatu, kwa hoja kwamba nguvu za mnyama zitamwingia apakwaye. Twaamini kwamba wengi walionunua waliona nafuu, kwa sababu walichuliwa. Mkono ndio uliotibu, na mafuta ya nazi yangetosha. Tena aliyempiga simba bila kibali amevunja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na pengine kilichomo katika chupa ni mafuta ya kondoo.

Kuhusu maji ya moto na barafu, watu wamebishana sana. Bibi wa uani alitumia maji ya moto kwa mgongo uliokakamaa wa siku nyingi, na maji baridi ya mtungi kwa kifundo kilichoteguka saa ile ile. Mwaka 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, aliandika kwamba kiungo kilichoumia kipumzishwe, kiwekwe barafu, kifungwe na kuinuliwa, na ushauri wake ukaenea duniani hata ukaingia katika vitabu vya michezo vya shule. Mwaka 2014 yeye mwenyewe alisema kwamba barafu na mapumziko marefu huenda yakachelewesha kupona. Kwa hiyo barafu hutuliza maumivu ya mwanzo, nayo itumike kwa dakika chache, ikiwa imefungwa katika kitambaa, isitegemewe kuponya. Maji ya moto nayo yana hatari yake, hasa kwa mzazi akandwaye baada ya kujifungua. Desturi hiyo ina huruma kubwa ndani yake, maana humpa mama siku 40 za kuhudumiwa. Lakini maji yakiwa ya kuunguza, au tumbo likikandamizwa kwa nguvu, huruma hugeuka jeraha. Mgongo na miguu vikandwe kwa vuguvugu, tumbo liachwe.

Chuku tutalipita haraka. Limerudi mjini kwa jina la hijama, na vikombe vya plastiki vimechukua nafasi ya pembe na nta. Wako wanaosema liliwafaa, ingawa ushahidi wa kitaalamu ni mdogo; lakini wembe uliotumika kwa mtu mmoja usimguse wa pili, kwani homa ya ini na virusi vya Ukimwi havijali nia njema ya mganga. Tiba ya sindano ya Kichina nayo ni mgeni wa karibuni tu. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na kuna wazee wa Dar es Salaam ambao hata leo huwasimulia wajukuu jinsi walivyochomwa sindano nyembamba na kiuno kikanyooka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu, nalo ni kidonge. Hatuna ugomvi na dawa za kisasa. Tangu kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilipoanza kuuza aspirini mwaka 1899, mabilioni ya watu wamepata usingizi kwa sababu yake. Na ibuprofeni na diklofenaki, zilizofuata baadaye, ni dawa nzuri zikitumiwa kwa kipimo na kwa siku chache. Taabu ni namna tunavyozitumia. Katika mitaa ya Kariakoo kuna wachukuzi wanaomeza vidonge asubuhi kabla maumivu hayajaanza, kama dereva atiavyo petroli kabla ya safari. Kijana mmoja tuliyemfahamu, mtu mpole, mwenye kifua kipana, alifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka. Alinunua vidonge bila cheti, viwili viwili, akavimeza kwa chai ya rangi bila chakula. Aliyemwuzia hakumwuliza amebeba nini. Siku moja alitapika damu katikati ya barabara, gunia likiwa bado begani. Aliokolewa, akakaa wodini siku nyingi, na alipotoka alirudi kwao kulima. Mgongo wake ulikuwa mzima. Tumbo ndilo lililolipa.

Dawa za jamii hiyo hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ambayo, pamoja na kuleta uvimbe na uchungu, ndiyo pia inayolinda ukuta wa tumbo na kuzisaidia figo zipate damu. Ukiizuia kila siku, tumbo hubaki bila ngao. Mtu afanyaye kazi juani katika joto la Dar es Salaam, anayetoka jasho kutwa na kunywa maji kidogo, huziweka figo zake katika hatari iliyo kubwa kuliko ya karani anayemeza kidonge hicho hicho ofisini. Tena kuna hasara nyingine isiyoonekana. Maumivu ni mlinzi. Akilishwa usingizi tangu asubuhi, mtu hunyanyua mzigo ambao mwili wake ulikuwa ukiukataa.

Ipo hatari ya pili, nayo huanza na mbu. Mwaka 1872 daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliandika juu ya ugonjwa uliopita kisiwani miaka miwili kabla yake, ambao wenyeji waliuita kidinga pepo, na ambao wazee waliukumbuka tangu mwaka 1823. Mtu alishikwa ghafla na homa, na viungo na misuli ikamuuma hata asiweze kusimama. Neno hilo bado limo katika Kiswahili kwa sura ya kidingapopo, na wako wataalamu wasemao kwamba ndilo lililozaa jina dengue litumikalo duniani kote. Miaka 80 baadaye, mwaka 1952, maradhi ya namna hiyo yaliwashika watu wa uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ni virusi ambavyo havijajulikana bado. Wamakonde waliuita ugonjwa huo chikungunya, kwa maana ya kitu kinachopinda mtu, na dunia ikalichukua jina lao. Wengine hudhani kwamba hata kile kidinga pepo cha Unguja cha mwaka 1870 kilikuwa chikungunya. Vyovyote iwavyo, majina mawili makubwa ya maumivu ya maungo katika vitabu vya udaktari yana uhusiano na pwani hii na jirani zake, na mwalimu wa sayansi asiyewaambia wanafunzi wake jambo hilo anawanyima haki yao.

Tumeyaleta hayo kwa sababu dengue ilienea Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi kwa nguvu mwaka 2019, na mwanzo wake hufanana mno na uchovu wa kazi: mgongo, macho, misuli ya mapaja. Mchukuzi hudhani ni gunia la jana. Akimeza aspirini au diklofenaki, dawa ambazo hupunguza uwezo wa damu kuganda, naye ana dengue, aweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Parasetamoli kwa kipimo chake, maji mengi na kupimwa ndiyo njia iliyo salama, na kupimwa malaria ni lazima pia. Hapa ndipo tunapomkumbuka Bibi na mgongo wa mkono wake. Hakuyajua majina ya virusi. Alijua kwamba maumivu yenye homa hayachuliwi, na kwamba ganzi ya miguu, mkojo usiotoka, au maumivu ya kifua yanayoshuka mkono wa kushoto si mambo ya kulala juu ya mkeka.

Serikali haikuipuuza elimu ya namna hii. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, baadaye kikawa taasisi kamili, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyowapa waganga baraza lao na daftari la kuandikishwa. Hayo ni mambo makubwa, hasa tukikumbuka kwamba chini ya wakoloni mganga aliishi katika kivuli cha sheria ya uchawi ya mwaka 1928. Lakini utafiti mwingi umefuata mizizi na magamba ya miti, vitu vinavyoweza kusagwa na kutiwa katika chupa. Mkono hautiwi katika chupa, na maswali hayasagwi. Yafaa shule za sekondari ziwatume wanafunzi kwa bibi na babu zao, waandike nani alichua, kwa mafuta gani, alianza wapi, na zaidi ya yote alikataa kumchua nani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023 juu ya maumivu ya kiuno yadumuyo. Limeshauri mazoezi, mafunzo kwa mgonjwa, na miongoni mwa tiba nyingine kuchuliwa. Mikanda ya kiuno, ambayo baadhi ya wachukuzi wetu huifunga kwa imani kubwa, haikupewa nafasi. Bibi wa uani alikwisha sema mtu asilale kutwa, ingawa hakuna aliyemwandika.

Timu zetu kubwa za mpira zinalifahamu jambo hili vizuri. Kila moja ina mchua misuli wake, ambaye jina lake hutajwa redioni pamoja na la kocha, na mchezaji akikaza paja dakika ya 70 mtu huyo hukimbia uwanjani na mkoba. Jengo la Simba lipo Mtaa wa Msimbazi, hatua chache kutoka mahali malori yanaposhushwa. Upande huu wa barabara hakuna mkoba. Juzi mchana tuliwaona wachukuzi wanne wamejilaza juu ya maboksi katika kivuli cha lori, na kijana mwembamba kuliko wote akitembea juu ya migongo ya wenzake kwa miguu mitupu, mmoja baada ya mwingine, akijishikilia ubavuni mwa lori asianguke. Tiba hiyo ni kongwe, watoto wengi wa Pwani wamewahi kuwafanyia baba zao. Kwa mtu mzima wa kilo 60 juu ya uti wa mgongo si salama hata kidogo, nasi tulimwambia. Akatuuliza, "Sasa wazee, nani atatuchua?" Kabla hatujamjibu lori jingine likawa limeingia, na wote wanne wakasimama.